Hodi kwenye simu ya mtu usiyemjua

Leo asubuhi, kabla hata sijatia uzi kwenye cherehani, nilikuta jumbe tatu kutoka namba nisizozijua. Wa kwanza ulikuwa picha ya gauni nililoshona mwezi uliopita, lile la kikwembe (kitenge) cha bluu lenye mikono mipana, na chini yake neno moja: "Bei?" Wa pili ulisema "Uko?" ukaishia hapo. Wa tatu nimeusoma mara mbili, nao nauweka hapa wote:

"Jambo mama fundi. Mimi niko Kalemie, namba yako nimepewa na rafiki yangu uliyemshonea nguo za ndoa ya mdogo wake. Natafuta libaya mbili za mama yangu, za kuvaa Noeli, kwa hiyo hakuna haraka. Ukipata nafasi unijibu, hata kesho. Aksanti."

Kwa mistari michache huyu dada amenieleza yuko wapi, nani kamleta, anatafuta nini (libaya ni blauzi ya kikwembe), na saa ya kujibu ameniachia mwenyewe. Sura yake siijui, lakini nimemfahamu. Amepiga hodi.

Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, kama huko mlipo, mtu hafiki kwenye nyumba akafunua pazia. Anasimama nje, pembeni kidogo ya mlango ili macho yake yasitangulie kuingia, anaita hodi, anangoja. Ndani anaweza kuwamo mama anayenyonyesha. Anaweza kuwamo mtu analia. Pengine wanakula kidogo walicho nacho na hawapendi mgeni aone sufuria. Hodi ipo kwa sababu aliye nje haoni ndani. Na simu ndiyo nyumba ambayo aliye nje haoni ndani kabisa: ujumbe wako unaangukia chumba usichokijua, saa usiyoijua, mbele ya watu usiowajua. Hilo ndilo linalonikaa moyoni kila nikifungua simu, na ndilo nataka tuliongee.

Mimi nashona nguo karibu na soko la Virunga, mwaka wa 19 sasa. Zamani mteja alikuja na miguu yake. Walikuja wa Birere, wa Himbi, wa Majengo, na wa Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka, waliovuka kivuko cha Petite Barrière asubuhi na kurudi jioni na nguo zao mfukoni. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, na karibu nusu ya wateja wangu wakabaki upande wa pili. Mtoto wangu wa kwanza akaniambia: mama, piga picha za nguo uziweke kwenye WhatsApp, watu watakutumia vipimo. Niliona ni mambo ya vijana. Mwaka huo huo nikamshonea mtu wa Kigoma, mtu wa Bujumbura, na Mkongomani mmoja wa Brussels ambaye hadi leo sijawahi kumtia machoni. Sasa wanaoijua sauti yangu ni wengi kuliko wanaoijua sura yangu, na kutwa nzima, mguu ukiwa kwenye cherehani, mimi naongea na wageni.

Kilichonisumbua mwanzoni ni salamu yenyewe. Ungedhani watu wa lugha moja hawawezi kukosana kwenye salamu, lakini hapo ndipo tunapokosana haraka zaidi, maana kila mmoja anaamini salamu yake ndiyo ya watu wote.

Huku kwetu "jambo" ni salamu ya kweli. Unapita asubuhi, "jambo mama", "jambo sana", na mtu akikunyima jambo unajua kuna neno kati yenu. Nikamwandikia baba mmoja wa Dar es Salaam, "Jambo papa." Alinijibu kwa mkato: "Mimi si mtalii, mama." Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule "jambo" tupu ni ya kuwaambia wageni wanaoshuka kwenye ndege, wenyewe husema "habari", "hujambo", "mambo". Nilikuwa nimempa heshima ya kwetu, ikamfikia kama dharau. Kisha binti mmoja wa Kigoma akaanza mazungumzo na "Shikamoo mama", nami nikamjibu kwa moyo wote, "Jambo sana mwanangu." Sisi hatuamkiani kwa shikamoo, tunaisikia redioni tu. Yeye alingoja marahaba, marahaba haikuja. Alinyamaza siku mbili. Aliporudi aliniuliza kwa adabu kama kuna mahali amenikosea. Iliniuma sana kwamba mtoto aliyeanza kwa kuniheshimu ndiye aliyekaa siku mbili akijitafutia kosa. Tangu hapo shikamoo ikinifikia, marahaba inatoka kabla ya neno lingine lolote.

Lakini neno lililonifunza zaidi ni "yaya". Goma, Bukavu, Lubumbashi, yaya ni mkubwa wako: kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa, na kwa heshima hata mtu baki aliyekuzidi umri. Nikamwandikia mama mmoja wa Nairobi, "Sawa yaya, vipimo nimepokea." Akanijibu kwamba yeye ni mwalimu na hajawahi kuwa yaya wa mtu yeyote. Kwao yaya ni msichana anayelipwa kulea watoto wa wengine. Nilisimamisha cherehani. Nikampigia simu, maana kuna mambo ambayo maandishi huyazidishia ubaya, nikamweleza kwamba mama yangu mzazi alimwita dada yake yaya tangu utoto wao mpaka siku ya kumzika. Tukaongea dakika 20. Kufikia mwisho alikuwa ananieleza habari za dada yake mwenyewe. Siku hizi ananiita yaya na mimi namwita yaya, na mtu wa tatu akisoma maandishi yetu hatajua mkubwa ni nani.

Mambo kama haya yako mengi. Mtu wa Nairobi akikuandikia "nataka nguo mbili" hajakuamrisha, ndivyo wanavyosema. Wa Tanzania angesema "naomba". Mimi nikikuambia "utanipatia vipimo" nadhani nimeomba, kumbe masikioni mwako nimedai. Kwa hiyo na mgeni nina desturi moja: neno likinichoma mara ya kwanza, namwuliza kwao linasemwaje. Likinichoma mara ya pili, ndipo nakubali kuchomeka.

Turudi kwa "Uko?" Wengi wanaoandika "Uko?" au "Jambo" kisha wakanyamaza wanaamini ndiyo adabu yenyewe: usalimu, uitikiwe, ndipo utoe shida. Uso kwa uso ndivyo ilivyo, na nisingependa tuiache. Kwenye simu lakini mambo hugeuka. Nakuta "Uko?" ya saa kumi na moja alfajiri. Namjibu saa tatu, "Niko." Saa hiyo yeye ametoka. Anarudi jioni, "Habari za kazi?" Kwangu umeme umekatika na simu imezima. Kesho yake, "Nzuri, wewe je?" Siku tatu zimepita kabla sijajua kama anataka sare za kwaya au ana sabuni ya kuniuzia, na siku zote tatu nimekuwa na kijiwe kichwani kwamba kuna mtu ananingoja. Salamu na haja viende pamoja ndani ya ujumbe mmoja, kama alivyofanya yule wa Kalemie. Heshima haikupungua hata kidogo, na mimi nikaweza kuketi na haja yake nikaifikiria kabla ya kujibu.

Mtoto wangu, yule yule, anasoma mambo ya kompyuta. Jioni moja akinisikia nalalamika alisema waliotengeneza intaneti walishayaandika haya zamani, akaenda akautafuta waraka. Unaitwa RFC 1855, ulitolewa Oktoba 1995, wakati huku kwetu simu ya mkononi ilikuwa bado haijafika mikononi mwa watu kama sisi. Akawa ananisomea akitafsiri kutoka Kiingereza, mimi napiga pindo la sketi. Kuna sehemu inayohusu programu ya zamani iliyoitwa talk, ambamo watu wawili waliandikiana kila mmoja akiona herufi za mwenzake zikitua moja moja. Waraka unasema kuongea na mtu kwa njia hiyo ni kumkatiza shughuli yake, kwa hiyo uwe na kiasi. Halafu unaongeza kwa ufupi: usiongee kamwe na watu usiowajua.

Hapo nilimsimamisha. Nisingeongea na nisiowajua, yeye mwenyewe angesoma kwa karo gani? Mwaka 1995 pengine waliandikiana watu wa vyuo na maabara, na mgeni alikuwa ajali. Leo mgeni ndiye soko. Ndiye anayekuambia barabara ipi imefunguka, dawa fulani inapatikana duka gani, maiti ya ndugu yako imelazwa wapi. Sharti lile limekufa, na kufa kwake ndiko kumefanya mengine yote yawe mazito zaidi.

Mambo mawili ya waraka ule lakini yamebaki nami. Moja linasema sababu za kutojibiwa ni nyingi, usidhani kwamba kila kitu kinafanya kazi. La pili linasema usikate mazungumzo kabla ya kuaga na kungoja mwenzako naye aage, hasa akiwa mbali. Nilipolisikia hilo la pili nilimkumbuka bibi yangu wa Masisi, ambaye mgeni hakuondoka kwake bila kusindikizwa mpaka njia panda. Hata mvua ilinyesha, alichukua jani la mgomba akajifunika, akatoka. Wahandisi walikuwa wanafikiria nyaya zao na umbali wa safari ya umeme, bibi alikuwa anafikiria mtu, na wote wawili wakafika njia panda ile ile. (Kuhusu herufi kubwa tupu, waraka unasema zinaonekana kama kupiga kelele. Hapo sina la kuongeza.)

Sababu za kutojibiwa ni nyingi. Novemba 2014 WhatsApp ilileta alama mbili za bluu, na tangu hapo mtu akijua umesoma anahesabu una deni. "Umesoma hujajibu," mtu ambaye hatujawahi kuonana aliniandikia hivyo dakika 10 tu baada ya swali lake. Nilikuwa nimefungua ujumbe kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika bega la bibi arusi ambaye gauni lake lilikuwa limejaa pini.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma. Nitasema kidogo tu. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao ukaenda. Tulilala chini, watoto katikati, magodoro tumeyaegemeza dirishani. Siku simu iliposhika mtandao tena ilianza kutetemeka juu ya meza, ikatetemeka bila kupumzika, ikawa inajisogeza yenyewe mpaka ukingoni, na mimi nikaiangalia nikiwa sina nguvu ya kuidaka. Ndani yake walikuwamo ndugu, walikuwamo marafiki, na walikuwamo wageni. Wageni ndio nitakaowasimulia.

Mmoja alikuwa ametuma alama ya kuuliza. Kesho yake alama mbili. Kisha: "Mama, umekula pesa yangu?" Alikuwa amelipa nusu ya sare, dola 20. Pengine hakuwa amesikia habari. Pengine alizisikia na hakuunganisha jina la mji lililotajwa redioni na mtu aliyeshika kitambaa chake. Sikumwekea kinyongo, na nguo zake alizipata Aprili. Lakini zile alama za kuuliza nilizisoma bado nina vumbi la dari kwenye nywele, na mpaka leo nikitaka kumkumbusha mtu anayechelewa kunijibu, kidole kinasita.

Mwingine alikuwa mama wa Nairobi. Aliandika: "Yaya, nimesikia. Usinijibu. Nguo si kitu. Nitaandika tena kesho, na kesho pia usijibu." Akaandika siku sita mfululizo, mstari mmoja kwa siku. Kwao mvua imenyesha. Wanafunzi wake wameanza mitihani. Ametia mshumaa dirishani. Ndani ya siku zote sita hakuna hata mstari mmoja wenye swali. Nilipopata nguvu nilimjibu maneno mawili, "Tuko, yaya."

Nimefikiri sana kwa nini jumbe zile zilinishika mkono kuliko nyingine. Maswali ya wengine yalikuwa ya upendo, "Muko salama?", "Baba watoto yuko?", "Mnakula nini?", lakini kila swali lilikuja na mkono uliokunjuliwa, linangoja kupewa. Majibu mengine sikuwa nayo, na mengine sikutaka kuyaona yameandikwa. Yeye alipiga hodi, kisha akaketi nje, mgongo ukutani, akaniacha ndani nikiwa najua kuna mtu pale.

Na kuna swali ninalowaomba wageni waliache kabisa. "Tuma picha." "Nani amesimama mtaani kwenu sasa?" "Tupigie video." Yalinifikia mengi, na baadhi ya waliouliza ni Wakongomani wenzetu wa Ulaya wanaoumia na mji wao, najua uchungu wao. Lakini katika mji wenye bunduki simu inaweza kufunguliwa barabarani na mkono mwingine. Anayepekua haulizi nani alianzisha mazungumzo. Anasoma yaliyoandikwa. Swali ambalo kwako lilikuwa udadisi wa dakika moja linabaki ndani ya simu yangu, na simu imeshikwa na mimi, au na mtoto niliyemtuma sokoni. Nilijifunza kufuta. Nilifuta mazungumzo ya watu wema na vipimo vyao vyote ndani yake, ikabidi baadaye niwaombe upya kifua, kiuno na nyonga bila kuweza kuwaeleza kwa nini nimevipoteza. Ukiongea na mtu usiyemjua aliye mahali kama hapa, mwache yeye achague la kusema. Akiongea habari za mvua, ongea naye mvua.

Vilevile msisome namba ya mtu kama cheti cha kuzaliwa. Goma na Gisenyi zimeshikana kiasi kwamba mtandao wa upande mmoja unavuka mpaka bila kuomba ruhusa, na wengi wetu tuna laini mbili. Kwenye kundi letu la wauza vikwembe niliona mwanamke akimwagiwa matusi ya kabila kwa sababu tu namba yake ilianza na +250, ya Rwanda. Ni mzaliwa wa hapa hapa, laini ile aliinunua kwa sababu mega zake zilikuwa rahisi. Na hata angekuwa wa ng'ambo, alichouliza ni bei ya kikwembe. Niliandika pale kundini kwamba huyu namfahamu kwa kazi yake na matusi yakome, kisha nikamwandikia pole pembeni. Lakini nilichukua karibu saa nzima kabla ya kuandika. Nilikuwa napima nani atanigeukia. Saa ile nzima yeye alikuwa anasoma matusi peke yake, na kundi lilikuwa na watu zaidi ya 200, wengi wao wakiona.

Jumbe za kusambaza sitaziongelea sana, ila Mei 2021 siwezi kuiruka. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kadhaa ihame. Kati ya siku hizo ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na watu nisiowajua walinitumia kwamba ziwa litapasuka saa sita usiku. Ziwa Kivu lina gesi kweli vilindini, kaboni dioksidi na methani, na wataalamu walikuwa na wasiwasi wa haki. Ndiyo maana uongo uliotajiwa saa ulitutesa zaidi. Jirani yangu alikimbia na mtoto mwenye homa kwenye barabara ya Sake kwa sababu ya ujumbe ulioanza na "Nimetumiwa hivi". Tangu Januari 2019 WhatsApp hairuhusu kusambaza kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unaupeleka kwa mmoja mmoja. Hofu haikuzuiwa na hesabu hiyo. Ukitaka kumpelekea mgeni habari ya kutisha, mwambie umeitoa kwa nani na lini. Kama hujui, kaa nayo.

Na ujumbe wa sauti wa dakika saba kwa mtu mliyejuana jana unalipwa kwa mega zake. Fupisha.

Sasa nieleze lililo langu, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Mwaka 2022 mwanamke mmoja wa Bukavu alinitumia vipimo. Mtu akikuandikia mzunguko wa kiuno chake na wa nyonga zake amekukabidhi kitu ambacho hata shemeji zake hawakijui, na mafundi tunazoea mpaka tunasahau. Alikuwa amefiwa na mume. Mwaka mzima alivaa nyeusi, na sasa alitaka gauni la njano. Aliniuliza kama njano itamkaa mtu mweusi kama yeye. Nikamwambia njano inangoja watu kama wewe. Tuliandikiana juu ya gauni lile wiki mbili: shingo iwe ya mraba au ya duara, zipu iwe nyuma au ubavuni kwa sababu hana wa kumfungia tena ya nyuma. Hilo la zipu alilisema kama vile anasema jambo dogo. Nikaiweka ubavuni.

Gauni likavuka ziwa kwa meli. Alipolipokea alijipiga picha mbele ya kioo cha kabati, akicheka, mkono mmoja kiunoni, akanitumia. Nilifurahi mno. Nikaiweka kwenye status yangu, nikaandika chini, "Kazi ya mikono yetu." Sikumwuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye gauni.

Bukavu nilikuwa na mteja mwingine, na sikujua kwamba ni wifi yake. Familia ya mume ilikuwa haijakubali aache nyeusi, kulikuwa na kikao kinachongojwa. Njano wakaiona kwangu kabla yeye hajafungua mdomo. Yaliyofuata ni yake, sitayasimulia. Usiku ule aliniandikia mstari mmoja: "Mama, ile picha nilikutumia wewe."

Niliifuta, ikiwa imekwisha kuonwa na watu 61. Nikaanza kuandika maelezo. Sikujua. Mafundi wote wanafanya hivi. Gauni lilikupendeza sana nikashindwa kujizuia. Nikayasoma, nikaona kila mstari unamwomba yeye aniangalie mimi kwa huruma, usiku ambao yeye ndiye aliyekuwa na shida. Nikayafuta yote, nikaandika: "Ni kweli, ulinitumia mimi. Nimekosa. Nimeiondoa, na sitaweka tena picha ya mtu bila kumwuliza." Sikumwomba aseme amenisamehe. Hiyo ingekuwa kazi nyingine ninayomtwika. Wiki tatu hakuandika kitu. Kisha akauliza bei ya kushona sketi, nikamtajia bei, nikamshonea, na zipu nikaiweka ubavuni bila yeye kusema.

Tangu hapo nguo nazipiga picha zikiwa zimetundikwa kwenye kiango. Vipimo naviandika kwenye daftari lenye herufi mbili tu za jina, nalo halikai mezani ambapo mabinti wanaojifunza kwangu wanaweza kulipekua. Yamenifika na mimi pia: mteja aliwahi kupiga picha mazungumzo yetu ya bei, maneno niliyomwambia kwa siri kwamba mwezi ule nina shida ya kodi, akayaweka kundini ili wengine wajue wanaweza kunikandamiza. Nilipoyaona nilijua kabisa nini alihisi yule wa Bukavu. Maneno niliyomwambia mtu mmoja yalikuwa yamesimama uchi mbele ya watu.

Sasa ni jioni. Yule wa Kalemie nilimjibu mchana, tumekubaliana shingo na mikono ya libaya za mama yake. Akaaga, nikaaga, akaaga tena. Yule wa "Uko?" nilimwambia, "Niko, karibu, eleza haja yako yote, nitaisoma nikipata nafasi." Kumbe alikuwa anatafuta fundi mwingine wa Katindo ambaye watu hutuchanganya. Nikampa namba, baada ya kumpigia yule fundi kwanza na kumwuliza kama niitoe.

Wa "Bei?" nilimwandikia: "Jambo. Gauni hilo ni dola 25 kitambaa kikiwa changu, 12 kikiwa chako. Uko wapi, na nikuite nani?" Mpaka saa hizi alama ni moja tu, ya kijivu. Ujumbe haujamfikia. Nimeifungua tena picha yake. Asubuhi niliiangalia haraka nikaona gauni langu tu. Sasa naona imepigwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine, kioo chenye ufa unaopita katikati ya sketi, na ukingoni kuna kidole gumba chenye unga wa muhogo. Pengine simu ile ya pili ni ya jirani, na aliyeishika alikuwa anaitaka irudishwe. Kikwembe kile cha bluu kimebaki yadi sita. Nimekikunja nikakiweka pembeni.